Hida kwa Majira Yote Manne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wasemaji wa Kiswahili wanaopanga kwenda milima ya Hida, katikati ya Japani, wawe wanatokea Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au wako Tokyo kwa masomo. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mwaka. Ukishika jambo moja tu, liwe hili: Hida huwezi kuiona ukiwa na haraka, na msimu utakaofika ndio utakaokupangia siku yako, upende usipende.

## Kuifahamu Hida

1. Hida ni wapi hasa? Ndiyo Takayama?

Hida ni jina la kale la upande wa kaskazini wa mkoa wa Gifu. Takayama ndio mji wake mkubwa, ulio kwenye bonde lenye mwinuko wa takriban mita 570. Kaskazini yake kuna mji mdogo wa Furukawa, magharibi kuna kijiji cha Shirakawa, au Shirakawa-go, chenye nyumba maarufu za mapaa ya nyasi, na mashariki kuna Okuhida, bonde la chemchemi za maji moto chini ya milima inayopita mita 3,000.

Ramani isikudanganye. Mwaka 2005 Takayama iliunganishwa na miji na vijiji jirani, ikawa manispaa kubwa kuliko zote Japani kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 2,100, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni misitu. Kwa hiyo hoteli inayojitangaza kuwa iko "Takayama" inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka stesheni. Soma anwani vizuri kabla hujalipa.

2. Kuna nini huko ambacho sitakipata Kyoto?

Kuna maisha ya milimani yanayoendelea. Ardhi ya mpunga huku ni haba, kwa hiyo tangu karne ya 8 watu wa Hida walilipa kodi kwa kazi ya mikono: walipeleka mafundi seremala mji mkuu kujenga majumba na mahekalu. Ufundi ule haujafa. Utauona kwenye mitaa ya Sanmachi mjini Takayama, kwenye nyumba za wafanyabiashara zenye boriti nene zilizoachwa wazi, na kwenye magari ya tamasha (swali la 6). Mwaka 1692 serikali ya Tokugawa, ukoo uliotawala Japani wakati huo, iliichukua Hida na kuitawala moja kwa moja, na sababu inayotajwa zaidi ni mbao na madini yake. Ofisi ya watawala hao, Takayama Jinya, bado imesimama na mgeni anaruhusiwa kuingia.

Asubuhi kuna masoko mawili, moja kando ya mto Miyagawa na lingine mbele ya Jinya. Akina mama wa mashambani huleta figili, tufaha, kachumbari ya tanipu nyekundu na maua. Nenda mapema. Saa sita mchana wanafunga, na mboga nzuri huwa zimeshachukuliwa muda mrefu kabla ya hapo.

3. Siku moja inatosha?

Haitoshi, na hapa nasema bila kumung'unya maneno. Wengi huja na basi la asubuhi kutoka Nagoya au Kanazawa, hukaa Shirakawa-go saa mbili au tatu, hupiga picha kutoka kilimani, hula, na kuondoka. Wanachokiona ni umati wa wageni wenzao. Basi la mwisho likishaondoka jioni, kijiji hurudi mikononi mwa wenyewe: unasikia maji kwenye mifereji, unaona moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, na mzee mmoja anapita na jembe begani.

Kiwango cha chini ninachokishauri ni usiku tatu: mbili Takayama na moja Shirakawa au Okuhida. Kama ratiba yako ina nafasi ya usiku mmoja tu, lala Takayama, zunguka mjini na Furukawa, na Shirakawa iache kwa safari nyingine.

4. Msimu upi ni bora?

Inategemea unachokitafuta. Theluji ni Januari na Februari, maua ni nusu ya pili ya Aprili, milima ya juu ni Julai hadi Septemba, na rangi za majani ni Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema wiki ya pili ya Mei: mashamba ya mpunga yanajazwa maji, milima bado ina theluji kileleni, na umati wa likizo umeshaondoka.

Epuka, ukiweza, vipindi vitatu ambavyo Wajapani wenyewe husafiri: mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 au 6 Mei, katikati ya Agosti, na siku za Mwaka Mpya. Vyumba hujaa na bei hupanda.

## Majira ya kuchipua

5. Maua ya cheri huchanua lini?

Baadaye kuliko Tokyo. Tokyo huchanua mwisho wa Machi, Takayama kwa kawaida katikati hadi mwisho wa Aprili, kwa sababu ya mwinuko. Aliyeyakosa bondeni anaweza kuyafuata milimani.

Miti miwili inastahili safari yake yenyewe. Bwawa la Miboro lilipojengwa, vijiji vilivyokuwa bondeni vilihukumiwa kuzama. Mwaka 1960 miti miwili mizee ya cheri, yenye umri unaokadiriwa kupita miaka 400, iling'olewa na mizizi yake, ikapandishwa mlimani na kupandwa upya ukingoni mwa maji. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba ingeishi. Iliishi. Inaitwa Shokawa-zakura, na huchanua mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Watu waliohamishwa na bwawa walikuwa wakirudi kukutana chini yake, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha nyumbani kilichobaki juu ya maji. Ukifika hapo, nyamaza kidogo kabla ya kutoa simu.

6. Tamasha la Takayama ni tarehe ngapi, na nifanyeje kuhusu malazi?

Ni mawili. La majira ya kuchipua ni tarehe 14 na 15 Aprili, la mapukutiko ni tarehe 9 na 10 Oktoba. Tarehe hazibadiliki hata zikiangukia katikati ya wiki. La Aprili hutoa magari 12 ya mbao yaliyochongwa na kupakwa dhahabu, la Oktoba 11. Baadhi yana vikaragosi vinavyochezeshwa kwa nyuzi na mafundi waliojificha ndani. Mwaka 2016 tamasha hili liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika, pamoja na mengine ya aina hiyo nchini Japani, likiwemo la Furukawa la tarehe 19 na 20 Aprili, ambako vijana waliovaa nguo nyeupe chache hubeba ngoma kubwa usiku wa baridi.

Mambo mawili ya kujua. Kwanza, mvua ikinyesha magari hayatoki: ni mali ya karne nyingi na rangi yake ya lakiri haipendi maji. Hapo utayaona ndani ya mabanda yao tu. Pili, vyumba vya Takayama kwa siku hizo huisha miezi mingi kabla. Ukikosa, tafuta Gero, Furukawa au Toyama na uje kwa treni.

## Kiangazi

7. Mvua zinaharibu safari?

Juni hadi katikati ya Julai ni msimu wa mvua, na baada ya hapo vimbunga huweza kufika hadi Oktoba. Mvua ya kawaida haina neno: milima hujaa ukungu na nyumba za Shirakawa hupendeza hasa. Tatizo ni mvua kubwa, kwa sababu reli ya kwenda Takayama hufuata kingo za mito kwenye mabonde membamba, na treni husimamishwa kwa tahadhari. Usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile unayotoka Hida.

Mchana wa Agosti Takayama hufika nyuzi 30 na zaidi, ila usiku hupoa vizuri.

8. Mimi si mpanda milima. Naweza kufika juu?

Unaweza, kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kibebeo cha kamba cha Shinhotaka huko Okuhida, chenye gari la ghorofa mbili linaloning'inia kwenye waya, kinachokufikisha mita 2,156. Hufanya kazi hata majira ya baridi, isipokuwa siku za upepo mkali na za matengenezo. Ya pili ni basi la Norikura, linalopanda hadi Tatamidaira, mita 2,702. Magari binafsi hayaruhusiwi huko tangu 2003, na barabara hufungwa kuanzia Novemba hadi katikati ya Mei. Ukishuka kwenye basi tembea polepole. Kupanda kimo hicho kwa muda mfupi huwapa wengine maumivu ya kichwa. Ya tatu ni Kamikochi, bonde la mto mwangavu upande wa pili wa milima, mkoani Nagano, mwendo wa nusu saa hivi kwa basi kutoka Hirayu, kijiji cha Okuhida. Hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa katikati ya Novemba, nako pia magari binafsi ni marufuku.

Kwa wanaotaka kupanda hasa: Oku-Hotaka, mita 3,190, ni mlima wa tatu kwa urefu Japani. Kufika kileleni Kilimanjaro hakukutayarishi kwa mlima huu, kwani hapa ni miamba, minyororo na ngazi za chuma, penye upenyo wa mguu mmoja. Mkoa wa Gifu unataka uwasilishe mpango wako wa kupanda kabla ya kuanza. Andika, na ufuate ulichoandika.

9. Ni kweli kuna dubu?

Ni kweli, dubu weusi wa Asia, na miaka ya karibuni wanashuka zaidi kwenye makazi ya watu. Oktoba 2025 mtalii wa kigeni alishambuliwa karibu na kituo cha basi Shirakawa, akajeruhiwa mkono. Funga njuga ndogo kwenye mkoba (huuzwa kila duka la vifaa vya mlimani), ongea ukiwa njiani, usitembee msituni alfajiri wala jioni, na usiache chakula nje. Ukimwona kwa mbali, rudi kinyumenyume taratibu bila kumpa mgongo. Usikimbie. Mwezi wa hatari zaidi ni Oktoba, wanapojinenepesha kabla ya kulala, hasa mwaka ambao njugu za miti ya msituni zimekuwa haba.

## Majira ya mapukutiko

10. Rangi za majani nizifuate wapi?

Anza juu, ushuke nazo. Norikura huanza mwisho wa Septemba, Kamikochi na Shinhotaka katikati ya Oktoba, Takayama na Shirakawa mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Kwa mabasi ya juu yanayofungwa, tazama swali la 8.

11. Nimesikia kuna siku kijiji kizima hurushiwa maji. Ni nini?

Ni zoezi la zimamoto la Shirakawa-go, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Adui mkubwa wa mapaa ya nyasi ni moto, kwa hiyo kijiji kimezungukwa na mizinga ya maji iliyofichwa ndani ya vibanda vidogo vyenye mapaa vilevile. Siku ya zoezi hufunguliwa yote pamoja, na maji huruka juu kuliko nyumba. Ni kazi ya usalama, si onyesho la watalii, hivyo simama unapoambiwa.

Kati ya Septemba na Oktoba pia kuna matambiko ya mavuno ambapo hunywewa doburoku, pombe nzito ya mchele isiyochujwa, inayopikwa hekaluni kwa kibali maalumu. Unayeendesha gari, usiionje hata kidogo: sheria ya Japani haina mzaha.

## Majira ya baridi

12. Baridi yake ni ya namna gani, na nivae nini?

Aliyezoea umande wa Makete mwezi Julai ameonja mwanzo wake tu. Usiku wa Januari Takayama hushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, na siku kali hupita 10. Shirakawa, iliyo upande wa upepo wa Bahari ya Japani, hurundika theluji inayopita kimo cha mtu.

Vaa tabaka. Ndani kabisa fulana na suruali ya kubana ya kutunza joto, ambazo utazipata madukani Japani kwa bei nafuu, kisha sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Usitumie pesa nyingi kwenye koti ukasahau miguu. Viatu viwe na soli yenye meno na visipitishe maji. Raba za mjini zitaloa dakika kumi za kwanza, na siku yako itakuwa imeishia hapo. Chukua soksi za akiba mkobani. Zipo pakiti ndogo za joto za kubandika nguoni, zinauzwa kila duka la saa 24.

Ndani ya nyumba nako kuna la kujua. Nyumba za kale hazipashwi joto kote. Chumba kina jiko la mafuta au meza yenye blanketi na kipasha joto chini yake, lakini kwenye ujia na chooni utaona pumzi yako ikitoka kama moshi. Wenyeji wameshazoea. Wewe lala na soksi.

13. Onyesho la taa za usiku Shirakawa-go: naweza kwenda tu bila tiketi?

Hapana. Tangu 2019 ni kwa kuweka nafasi peke yake. Hufanyika jioni chache tu za Januari na Februari, na nafasi huisha haraka. Anayekuuzia "njia ya mkato" anakudanganya, na barabarani utarudishwa.

Ukikosa usisononeke. Kijiji kile kile, siku ya kawaida ya Februari, saa moja asubuhi, theluji mpya haijakanyagwa: kwangu mimi hicho ndicho kilele, na kinahitaji tu uwe umelala hapo (swali la 17).

14. Theluji ikizidi, mabasi husimama?

Mara nyingine, ndiyo. Barabara ya kasi ya kwenda Shirakawa hupita kwenye handaki refu la Hida, zaidi ya kilomita 10, na ndani hakuna shida. Shida ni nje yake. Angalia taarifa za kampuni ya basi asubuhi kabla hujatoka, na uwe na mpango wa pili. Furukawa ni mpango mzuri: dakika 15 kwa treni kutoka Takayama, maghala ya kuta nyeupe kando ya mfereji, na kila tarehe 15 Januari watu huzunguka mahekalu matatu usiku kati ya mishumaa mikubwa. Samaki wa rangi wa mfereji ule usiwatafute majira ya baridi. Huhamishiwa bwawani hadi Aprili.

15. Kwa nini kuna kamba na vibao vya kuzuia watu pembeni mwa nyumba?

Theluji ya paani huanguka yote kwa mkupuo, tani kadhaa, bila onyo ila mkwaruzo mfupi. Kila mwaka Japani watu hufa kwa theluji ya mapaa. Usisimame chini ya ukingo wa paa kupiga picha, na usimwache mtoto achezee hapo.

## Nyumba za gassho

16. Watu bado wanaishi katika nyumba hizi za mapaa ya nyasi (gassho), au ni makumbusho?

Wanaishi. Ogimachi, kijiji kikuu cha Shirakawa-go, kina majengo zaidi ya 100 ya aina hii ukihesabu maghala. Pamoja na vijiji viwili vya Gokayama, Ainokura na Suganuma, kiliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Lakini wanakijiji hawakusubiri UNESCO. Mwaka 1971, nyumba zilipokuwa zikivunjwa au kuuzwa, walikubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi.

Paa lina mwinamo mkali, takriban nyuzi 60, ili theluji iteleze. Kenchi na makombamoyo hufungwa kwa kamba na fito laini zilizosokotwa, bila misumari, hivyo nyumba hupinda kidogo na upepo badala ya kuvunjika. Mapaa mengi ya Ogimachi yametazama mashariki na magharibi, ili kila upande upate jua la kuyeyusha theluji na kukausha nyasi. Darini, ghorofa mbili hata tatu, walifugwa viwavi wa hariri. Panda ngazi katika nyumba ya familia ya Wada, iliyo wazi kwa wageni, uguse kamba zile: ni nyeusi na ngumu kwa masizi ya moshi uliopanda kutoka mekoni miaka na miaka. Moshi huo ndio uliofukuza wadudu na kukausha nyasi. Nyumba isiyokokwa moto huoza mapema.

Paa huezekwa upya kila baada ya miaka 20 hadi 30 au zaidi. Zamani kijiji chote kilitoka kwa ujima, leo kwako kesho kwangu, na upande mzima wa paa kumalizika kwa siku moja. Siku hizi mafundi wa kulipwa hufanya nyingi, ila ujima haujaachwa kabisa.

Kwa hiyo usiingie uani, usichungulie madirishani, usivute sigara nje ya sehemu zilizotengwa, na usirushe droni. Vibao vya katazo vipo kwa sababu watu walishaingia hadi sebuleni.

17. Kulala ndani ya gassho kukoje?

Ni nyumba ya familia yenye vyumba vichache. Utalala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni juu ya mikeka ya tatami, ukuta wa chumba ni mlango wa karatasi, na choo na bafu ni vya pamoja. Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, kando ya jiko la shimo lenye makaa: samaki wa mtoni aliyechomekwa kwenye kijiti na kupakwa chumvi, tofu ngumu, mboga za mwituni. Ukichelewa mwenye nyumba atakusubiri, na hilo ni aibu kwako. Weka nafasi miezi kadhaa kabla. Nyumba nyingi huwa na usiku maalumu wa kupumzika na nyingine hupokea taslimu tu. Anayekoroma sana au mwenye mtoto mchanga anayelia usiku afikirie hoteli ya Takayama.

## Usafiri

18. Nifikeje?

Kutoka Nagoya, treni ya kasi ya Hida hufika Takayama kwa saa mbili na nusu hivi. Kaa upande wa dirisha; baada ya Gero mto uko chini yako. Kutoka Toyama ni saa moja na nusu. Kutoka Tokyo kuna basi la moja kwa moja kutoka Shinjuku, saa tano na nusu au zaidi. Takayama hadi Shirakawa-go ni basi tu, dakika 50, hakuna reli. Mabasi kati ya Shirakawa-go na Kanazawa huhitaji kuweka nafasi.

Pasi ya treni ya Japani nzima ilipanda bei sana Oktoba 2023, kutoka yeni 29,650 hadi 50,000 kwa siku saba. Kwa safari ya Hida pekee hailipi. Uliza pasi ya eneo la Takayama na Hokuriku.

19. Naweza kuendesha gari kwa leseni yangu?

Japani huendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini hukubali tu kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Vibali vya mkataba wa 1968 havikubaliki. Tazama jalada la kibali chako kabla hujalipia gari. Kati ya Desemba na Machi kodi gari lenye matairi ya theluji, na kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, panda basi.

20. Masanduku makubwa nifanyeje?

Yatume. Hoteli na maduka mengi ya saa 24 hupokea mizigo na kuifikisha hoteli yako inayofuata, kwa kawaida kesho yake. Panda mlimani na mkoba wa usiku mmoja.

## Chakula, ibada na kuoga

21. Chakula halali kinapatikana?

Kinapatikana Takayama, kwa kutafuta. Ng'ombe wa Hida wana sifa kubwa, ila nyama ya kawaida haijachinjwa kwa sharia. Ipo migahawa michache mjini inayotoa nyama yenye cheti. Jihadhari na visivyoonekana: mirini na sake, ambazo ni pombe ya mchele, huingia kwenye supu na michuzi mingi, na tambi za Takayama huweza kuwa na nguruwe. Mwambie mwenye nyumba unapoweka nafasi, kwa maandishi, orodha fupi: hakuna nyama, hakuna pombe ndani ya chakula, samaki sawa. Ukimwambia umeshaketi kula, umemwonea.

Swala: kibla ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini. Sakafu ya tatami huwa safi, viatu haviingii. Kwa Ijumaa, misikiti iko Nagoya, Gifu mjini na Kanazawa. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, panga mapema.

Asiyekula nyama kabisa asome aya ya kwanza, akumbuke pia kwamba supu karibu zote hutengenezwa na samaki mkavu.

22. Nataka maji ya moto ya Okuhida, lakini sitaki kuvua nguo mbele za watu.

Omba bafu la faragha, ambalo familia hujifungia peke yao. Okuhida ina vijiji vitano vya chemchemi, Hirayu, Fukuji, Shin-Hirayu, Tochio na Shinhotaka, na nyumba nyingi za wageni zina mabafu hayo ya nje, bure au kwa malipo madogo. Mabafu ya pamoja hutenganisha wanaume na wanawake, na watu huingia watupu. Machache ya kando ya mto ni ya mchanganyiko, hivyo uliza kabla.

Oga kwa sabuni kwanza, ndipo uingie. Taulo lisiguse maji. Mwenye chale (tatuu) aulize mapema. Bafu la faragha humtatulia pia.

## Visa, fedha na hali zisizo za kawaida

23. Visa niombe lini?

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa. Visa ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi mitatu tangu kutolewa, kwa hiyo usiombe mapema mno. Mwezi mmoja na nusu hadi miwili kabla ya safari unatosha. Ubalozi utataka ratiba ya siku kwa siku, hivyo weka nafasi za malazi zinazoweza kufutwa.

24. Taslimu, umeme?

Beba yeni taslimu ukienda vijijini. ATM za posta na za Seven-Eleven hukubali kadi za nje. Tangu Oktoba 2025 Takayama hutoza kodi ndogo ya malazi kwa kila usiku. Umeme ni volti 100 na plagi ya pini mbili bapa: chaja ya simu ni sawa, pasi ya nywele ya nyumbani haitapata moto wa kutosha.

25. Watu weusi hupokewaje huko milimani?

Kwa adabu. Utatazamwa, hasa na watoto na wazee, kwa sababu hawajazoea. Salamu ya kwanza ikitoka kwako, nyuso hufunguka: inamisha kichwa kidogo na useme *konnichiwa*. Mwanamke aliyevaa hijabu hatasumbuliwa. Aliyesukwa nywele za kuvutia, bibi fulani sokoni atamuuliza kwa ishara zimefanywaje.

26. Basi la mwisho limeniacha Ogimachi. Sasa?

Nenda kituo cha basi au ofisi ya maelezo ya utalii kabla hawajafunga, wakupigie simu. Teksi ni chache na Takayama iko mwendo wa kilomita 50 hivi, kwa hiyo nauli itauma. Nyumba za gassho hazipokei mgeni asiyetarajiwa kirahisi, maana chakula kimeshapimwa, ila zipo hoteli chache kijijini na jirani zinazoweza kuwa na chumba kitupu. Majira ya baridi usijaribu kutembea barabarani kuelekea kijiji kinachofuata: barabara ni nyembamba kwa kuta za theluji, mahandaki hayana njia ya miguu ya maana, na dereva hakuoni. Ikiwa umeumia au mmoja wenu ametetemeka hadi anaongea ovyo, piga 119, namba ya dharura.